Pistoni ya kumimina au ya kufua? Iulize silinda kwanza

Pikipiki ya motokrosi inapoanza kuwaka kwa taabu, kiki imekuwa laini kuliko zamani na nguvu za chini zimeyeyuka, watu wengi huishuku pistoni, na mara nyingi hawakosei. Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Mtu ananunua pistoni kwanza, ndipo anafungua injini. Pistoni inakuja na saizi yake, silinda nayo ina yake, na injini inabaki mezani imefunikwa gunia.

Hapa nalinganisha mambo ambayo lazima uyaamue kabla ya kutoa hela: ringi tu au pistoni nzima, silinda ya slivu (mrija wa ndani) ya chuma au ya mpako, pistoni ya kumimina au ya kufua, mikono yako au ya fundi. Naamini silinda ndiyo inayoamua karibu yote haya, na silinda haisemi chochote mpaka ipimwe.

Mipigo miwili na mipigo minne

Tuanze hapa kwa sababu ndipo kazi ya nyumbani inapogawanyika.

Kwenye injini ya mipigo miwili, ile tunayoiita tu-stroki, unamwaga maji ya kupoozea kama yapo, unafungua ekzosi na kabureta, unalegeza nati za hedi, unainua silinda, na pistoni iko mbele ya macho yako. Hakuna kemshafti, hakuna cheni ya taimingi, hakuna valvu za kurekebisha. Kitu cha kuangalia zaidi ni vyuma vya valvu ya ekzosi kwa injini zilizo nayo. Vichore au vipige picha kabla ya kuvifungua, maana kuvirudisha kwa kukumbuka ni kubahatisha.

Foo-stroki ni hadithi nyingine. Ili uifikie pistoni unapita kwenye kemshafti, tensiona na cheni ya taimingi. Ukirudisha kemshafti ikiwa imeruka jino moja tu, valvu na pistoni zinaweza kugongana siku ya kwanza ya kuwasha. Tena injini za motokrosi za mipigo minne huzunguka kwa kasi kubwa, nyingine hupita mizunguko 13,000 kwa dakika, na pistoni zake zina sketi, yaani ukuta wa chini wa pistoni, fupi sana ili ziwe nyepesi. Zikivunjika haziendi peke yake: valvu, konrodi, hedi, wakati mwingine hata kesi ya injini huondoka nazo. Ndiyo maana kwenye mipigo minne unafuata saa za kubadilisha pistoni zilizo kwenye kitabu cha matengenezo bila kubishana, hata kama injini bado inavuta vizuri. Kwenye mipigo miwili saa za kitabu ni muhimu pia, lakini injini hukuonya mapema kidogo.

Kama hujawahi kufungua injini, anza na ya mipigo miwili. Mwenye ya mipigo minne anaweza pia kujifunza, ila awe na kitabu cha matengenezo cha modeli yake hasa. Kitabu cha modeli inayofanana hakitoshi.

Ringi peke yake, au pistoni nzima?

Hili halina urefu. Ringi mpya kwenye pistoni nzuri ni jambo la kawaida, na baadhi ya watu hubadilisha ringi mara mbili kwa kila pistoni moja. Lakini pistoni iwe imepimwa na bado iko ndani ya kipimo, mfereji wa ringi usiwe umepanuka, na sketi isiwe na ufa. Ukiacha pistoni iliyochoka na kuivisha ringi mpya, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) itapanda kwa muda huku sketi ikiendelea kugonga ukuta wa silinda. Ile sauti ya kugonga injini ikiwa baridi ni ya pistoni inayocheza, na ringi haiwezi kuinyamazisha.

Pini, beringi ya pini na klipu za pini hubadilishwa pamoja na pistoni. Klipu hasa: hazirudiwi hata kama zinaonekana mpya. Klipu ikichomoka injini inazunguka, huchora silinda mfereji kutoka juu hadi chini, na hapo pistoni uliyookoa hela kwayo inakuwa kitu kidogo kuliko vyote.

Slivu ya chuma, au mpako?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hulipita. Silinda za pikipiki hizi ni za aina mbili. Za zamani na za modeli za kazi zina slivu ya chuma cha kusubu ndani ya bloku ya alumini. Za mashindano zina ukuta wa alumini uliopakwa tabaka jembamba la nikeli lenye chembe za silikoni kabaidi. Mpako huo, unaojulikana sana kwa jina la Nikasil, ulitengenezwa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya injini za Wankel, zile zisizokuwa na pistoni ya kupanda na kushuka. Ulikuja kupata umaarufu wake mkubwa kwenye injini zenye pistoni.

Chukua mifano miwili ya Yamaha. DT175 ina slivu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 66. Ikichakaa unaipeleka kwa mchonga bloku, anaipanua, nawe unanunua pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya awali kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Silinda moja inaishi maisha kadhaa. YZ125 ya mashindano ina kipenyo cha milimita 54 na ukuta wa mpako. Hiyo haichongwi namna hiyo. Mpako wenyewe ni mwembamba kuliko milimita moja ya kumi, kwa hiyo kuuchonga ni kuuondoa. Ukiharibika, silinda hupakwa upya na wataalamu wa kazi hiyo, au inawekewa slivu ya chuma, au unanunua silinda nyingine.

Kwa hiyo mwenye silinda ya chuma huuliza, "Nichonge hadi saizi gani?" Mwenye mpako huuliza, "Mpako bado uko?" Ukipitisha ukucha na kuhisi mkwaruzo unaoshika, au ukiona doa la alumini nyeupe likichungulia chini ya rangi ya kijivu, jibu si zuri. Lakini usikate tamaa haraka. Pistoni iliyoshika huacha alumini yake imegandana juu ya mpako, na kwa macho ya kawaida inaonekana kama silinda imeisha. Alumini hiyo huweza kuondolewa na mpako ukabaki mzima. Wengine hutumia asidi ya haidrokloriki kwa kupaka kidogo kidogo, nje penye hewa, wakiwa na glavu na miwani, kwa sababu asidi hiyo hula alumini ya pistoni na haidhuru nikeli haraka. Ikigusa sehemu ya silinda isiyo na mpako, kama kingo za matundu ya kupitishia gesi, italila bloku lenyewe. Mimi ningemwachia fundi mwenye uzoefu.

Kuhusu kuchonga slivu ili kuongeza nguvu: DT175 ikitoka milimita 66 hadi 67, na mpigo wake wa milimita 50, inapata takriban sentimita 5 za ujazo. Hutazisikia mkononi. Panda hatua moja ya ovasaizi kila mara, ile ndogo inayosafisha ukuta, na ubakize nyingine za baadaye.

Kumimina na kufua

Pistoni ya kumimina hutengenezwa kwa kumwaga alumini iliyoyeyuka kwenye kalibu. Ya kufua hutokana na kipande kigumu cha alumini kinachokandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka kichukue umbo. Kufua huzifanya chembe za metali zishikane na kujipanga, kwa hiyo pistoni inakuwa na uvumilivu wa kupigwa. Hapo wauzaji wanaishia: ya kufua ni imara, basi ni bora. Ingekuwa rahisi hivyo, viwanda vya Japani visingekuwa vinaweka za kumimina kwenye injini zao nyingi za mipigo miwili.

Sababu ni joto. Pistoni za kumimina huwa na silikoni nyingi ndani ya alumini, na silikoni huizuia isitanuke sana. Pistoni isiyotanuka sana inaweza kuwekwa karibu na ukuta wa silinda. Haichezi injini ikiwa baridi, haigongi, na ringi zake hukaa zimenyooka hivyo zinaziba vizuri. Za kufua zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe. Aloi inayoitwa 2618 ina silikoni chini ya asilimia 1: inavumilia sana lakini inatanuka zaidi, kwa hiyo inahitaji nafasi kubwa. Aloi ya 4032 ina silikoni kama asilimia 12, na tabia yake iko katikati. Ukisoma "ya kufua" kwenye boksi, bado hujajua kitu. Karatasi ya ndani inayotaja nafasi ya kuacha kati ya pistoni na silinda ndiyo yenye habari.

Zinavyokufa ndipo utofauti unapoonekana wazi. Ya kumimina ikichakaa na kuanza kucheza, sketi hupigwa ukutani maelfu ya mara kwa dakika. Metali yake haipindi. Inapata ufa, mara nyingi upande wa kuingizia, na siku moja kipande cha sketi kinaanguka ndani ya chemba ya kranki. Kranki inakisaga, vipande vinarushwa juu kupitia matundu, na matengenezo ya pistoni yanageuka kuwa matengenezo ya injini nzima. Ya kufua hupinda kabla ya kupasuka. Sketi inabonyea, injini inapiga kelele na kupoteza nguvu, nawe unapata muda wa kuizima.

Zinavyozaliwa pia hutofautiana. Ya kufua inayotanuka sana haipendi haraka. Mtu akipiga kiki asubuhi na kufungua mafuta papo hapo, pistoni inapata joto na kuvimba wakati silinda, hasa ya kupozwa kwa maji, bado ni baridi. Pistoni inabana kwenye pembe nne na kushika. Ukiifungua utakuta alama nne za mkwaruzo, zimepangika kuizunguka sketi. Alama hizo zinamzungumzia dereva, hazimzungumzii aliyeitengeneza pistoni. Ya kumimina nayo inataka kupashwa moto, lakini inasamehe zaidi.

Kwa hiyo naangalia matumizi. Mtu anayefuata saa, anabadilisha pistoni kwa wakati, na anaendesha kwa kuanza na kuzima mara kwa mara, simwoni akikosa chochote kwa ya kumimina ya ubora mzuri, mathalani ya Vertex ya Italia au ya kiwanda kilichotengeneza injini. Anayejijua kwamba ataipitisha muda wake, au anayepanda mchanga mzito ambako mafuta hufunguliwa yote kwa dakika nyingi mfululizo, achukue ya kufua, mathalani ya Wiseco ya Marekani, kwa sharti kwamba atakuwa mvumilivu kila anapowasha. Wengi wetu tuko kundi hilo la pili na tunajidanganya kwamba tuko la kwanza.

Kwenye mipigo minne ya mashindano mjadala huu ni mfupi. Pistoni zake nyingi ni za kufua tangu kiwandani, na kasi yake hairuhusu majaribio. Swali la huko huwa ni la kompresheni: ya kawaida au ya juu. Ya juu huongeza nguvu kidogo, inataka mafuta yenye okteni kubwa zaidi, na kupiga kiki kunakuwa kugumu. Kwa anayejifunza kazi hii nyumbani, ya kawaida inatosha.

Kupima, na kwa nini vania haitoshi

Nafasi kati ya pistoni na silinda kwenye injini za ukubwa huu mara nyingi ni kati ya milimita 0.04 na 0.07. Vania (kipimio chenye taya) nyingi husoma kwa hatua za 0.02 au 0.05, na mkono ukitetemeka kidogo inaongeza zake. Yaani kosa la chombo linaweza kuwa kubwa kama kitu chenyewe unachokitafuta. Tumia maikromita kwa pistoni, na geji ya kipenyo cha ndani kwa silinda. Kama huna, peleka silinda na pistoni kwa mchonga bloku akupimie. Ni kazi ya dakika chache kwake, na hapo ndipo ningeweka hela yangu ya kwanza katika mradi wote huu.

Pistoni haipimwi popote. Sketi yake si duara kamili wala si mrija ulionyooka. Chini ni pana kuliko juu, na upande unaosukumana na ukuta ni mpana kuliko upande wa pini. Kitabu husema upime umbali gani kutoka ukingo wa chini, na kipimo huchukuliwa kwa pembe ya digrii 90 na pini. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, mara mbili kila mahali: sambamba na pini, halafu kukatiza. Kwenye mipigo miwili epuka kuweka geji juu ya tundu.

Vyote viwe na joto moja. Alumini hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni ya urefu wake kwa kila digrii. Silinda ya milimita 54 ambayo imetoka kuoshwa kwa maji moto, ikiwa na digrii 20 zaidi ya chumba, itasoma karibu milimita 0.025 zaidi. Hiyo ni nusu ya nafasi yote! Viache vilale pamoja chumba kimoja kabla ya kupima.

Baada ya hapo hesabu ni ya kutoa. Silinda ikisoma 54.01 na karatasi ya pistoni inataka nafasi ya 0.05, unahitaji pistoni ya 53.96. Ndiyo maana pistoni za silinda za mpako huuzwa kwa herufi A, B, C, mara nyingi zikipishana 0.01 tu. Wengi huagiza A kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha, huku silinda yao iliyotumika ikiwa imeshafika B au C.

Ringi nayo ina kipimo chake. Iingize ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima pengo la ncha zake kwa fila geji (vibao vyembamba vya kupimia mapengo). Kitabu ndicho mwamuzi. Pasipo kitabu, kanuni ya zamani ni takriban 0.1 ya milimita kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani kwa silinda ya 54 kama 0.22. Pengo dogo kuliko inavyotakiwa ni baya kuliko kubwa, kwa sababu ncha zikikutana injini ikiwa moto, ringi haina pa kwenda.

Soma pistoni ya zamani kabla ya kununua mpya

Mkwaruzo upande wa ekzosi peke yake huashiria mchanganyiko uliokosa mafuta ya kutosha, oili ndogo, au hewa inayoingia mahali pasipofaa, mara nyingi kwenye sili ya kranki au gasketi ya chini. Upande wa kuingizia ukiwa umekwaruzwa kama umesuguliwa msasa, chujio la hewa limepitisha vumbi. Kichwa chenye vitobo vidogo karibu na ukingo kinasema kuna mripuko usio wa wakati wake. Katika hali zote hizo pistoni mpya, iwe ya kumimina au ya kufua, itarudi hapo hapo ikiwa sababu haijaondolewa.

Shika konrodi uivute juu na chini. Mchezo wa pembeni unaruhusiwa kwa kiasi, lakini wa juu-chini hauruhusiwi kabisa. Ukiusikia, beringi ya chini imekwisha, na kufunga pistoni mpya juu yake ni kupamba nyumba yenye msingi uliobomoka.

Nyumbani au kwa fundi?

Kwa mipigo miwili, nyumbani kunawezekana bila shaka ukiwa na spana ya toki, kitambaa safi cha kuziba chemba ya kranki, oili ya kupaka kila kinachosugua, na subira. Kitambaa hicho ndicho kitakachozuia klipu isidondoke ndani ya kranki. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye pini zake ndogo za mfereji, na uwazi wa klipu uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Ukuta wa mpako ukwaruzwe kwa sponji ngumu au brashi laini ya kusugua. Jiwe gumu la kuhoni, yaani la kusugulia ukuta wa silinda, lisiingie humo. Slivu ya chuma inataka kuhoniwa ili mistari ya msalaba ishike oili.

Kilicho cha fundi ni kuchonga, kupaka mpako, na kranki. Kwenye mipigo minne naongeza kurekebisha valvu kwa anayeanza. Pia, ukitaka kupima kompresheni kabla na baada, kumbuka injini nyingi za mipigo minne zina kipunguza kompresheni kinachojifungua chenyewe wakati wa kuwasha, hivyo geji itasoma kidogo hata pistoni ikiwa mpya. Kwa hizo kipimo cha kuvuja hewa ndicho kinachosema kweli.

Ukimaliza kufunga, izungushe kranki kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kiki ya kwanza, usikie kama kuna kinachogusa. Washa bila kufungua mafuta sana mpaka bloku iwe na joto la kutoweza kuishika kwa muda, zima, iache ipoe kabisa. Rudia, na mara ya pili iache ifike joto zaidi kidogo. Kwa pistoni ya kufua usiruke hatua hii hata kama rafiki zako wanangoja uwanjani. Oili uichanganye kwa uwiano ule ule wa kitabu; kuiongeza "kwa usalama" kunapunguza mafuta yanayopita kwenye jeti, na mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi kuliko ulivyokusudia. Baada ya saa ya kwanza ya kuendesha, toa plagi uitazame, kagua kama kuna maji au oili inayovuja kwenye gasketi, kisha anza kuhesabu saa upya.